Usingizi wa Kukopa

Usingizi ni mali ambayo tajiri hana fungu kubwa kuliko maskini. Haununuliwi sokoni, haurithiwi, wala hautekwi kwa nguvu. Anayeufukuza humkimbia, na anayeungoja kwa utulivu humjia wenyewe. Mfalme kitandani na mchunga ng'ombe juu ya ngozi huwa sawa pindi wafumbapo macho. Wengi wameuita ndugu wa mauti kwa sababu ya kimya chake, lakini kwa kazi yake ni ndugu wa uzima, kwani asubuhi hutulipa nguvu ambazo mchana ulituchukulia.

Kwa kuwa usingizi haununuliwi, watu wametafuta njia ya kuukopa, na moja ya njia hizo ni kileo. Basi swali la insha hii ni hili: mtu alalaye kwa nguvu ya kileo amelala, au ameangushwa? Tena, ikiwa anakunywa jioni tu, nyumbani mwake, bila ya kugombana na mtu yeyote, amemkosea nani? Nakuomba, msomaji, usijibu upesi. Mimi nilijibu upesi nikiwa kijana, na jibu langu lilinigharimu.

Nafundisha Keringet, upande wa Kuresoi Kusini katika kaunti ya Nakuru. Nchi yetu ipo juu ya miinuko ya Mau, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Ni nchi ya chai, viazi, pareto na ng'ombe wa maziwa. Jua likizama, ukungu hushuka mabondeni na baridi huingia nyumbani bila ya kubisha hodi. Watu huzunguka jiko, hunywa chai ya moto, na wengine husema kwamba kileo ni blanketi la pili. Neno hili nitalirudia, kwa maana limewadanganya wengi, nami nilikuwa mmoja wao.

Pombe si ngeni kwetu. Wazee wa Kipsigis waliitengeneza kwa wimbi, wakaketi kukizunguka chungu kimoja, kila mzee na mrija wake mrefu. Pombe ile ilikuwa na mwenyeji, ilikuwa na siku yake na ilikuwa na sababu yake: arusi, mavuno, au upatanisho wa waliokosana. Vijana hawakuwa na mrija chunguni. Sisemi kwamba wazee wote walikuwa malaika. Walevi walikuwapo zamani kama walivyo leo. Lakini mzee aliyezidisha alionekana na wenzake, akakanywa na wenzake. Mpaka wake ulikuwa mbele ya macho ya watu. Leo mtu hununua chupa, akaifunga katika mfuko, akaenda nayo chumbani na kuinywa peke yake. Chungu kilikuwa na mashahidi. Chupa haina shahidi. Kwa hiyo mpaka ambao zamani ulikuwa nje ya mnywaji sasa hauna budi kuwa ndani yake, na kama haumo ndani, haupo popote.

Serikali nayo imejaribu kuweka mpaka. Sheria ya mwaka 1980 ilipiga chang'aa marufuku, lakini majungu yaliendelea kuchemka gizani. Mwaka 2000, katika vitongoji vya Nairobi, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, spiriti ya viwandani ambayo hupofusha macho na kuua. Kisha ikaja sheria ya mwaka 2010, ambayo wananchi waliiita sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha katika eneo letu hili la Nakuru. Sheria hiyo iliondoa marufuku ile ya zamani, ikaamuru vinywaji vitengenezwe kwa kanuni, ikaweka saa za kuuza, na ikakataza kumwuzia kileo mtu asiyetimiza miaka 18. Ni jambo jema. Lakini sheria yaweza kufunga mlango wa baa. Haiwezi kufunga kinywa cha mtu aliye chumbani mwake na chupa yake. Hapo sheria hukoma na maadili huanza.

Sasa nitaeleza kisa changu. Sikieleza kwa fahari, wala sikieleza ili nihurumiwe. Nilipotoka chuo cha ualimu nilipangiwa shule huku milimani, nikakaa katika chumba cha mabati na mafungu ya madaftari. Jioni nilikuwa nikifungua chupa moja kwa ajili ya baridi. Baada ya mwaka zikawa mbili, kisha tatu. Sikupigana na mtu. Sikuanguka njiani. Sikukosa kipindi hata kimoja. Majirani waliniita mtu mpole, nami nilijiita mtu mwenye kiasi. Nilikuwa na hakika kwamba nalala vizuri, kwa sababu asubuhi sikukumbuka kitu chochote cha usiku. Nilisahau kwamba mtu aliyezirai naye hakumbuki kitu.

Asubuhi moja msichana wa kidato cha pili alinijia mlangoni mwa chumba cha walimu, akaninyoshea daftari lake kwa mikono miwili.

“Samahani, mwalimu,” akasema. “Naomba unionyeshe kosa langu, nilisahihishe.”

Nilifungua daftari. Insha yake ilipewa alama 4 kwa 20, na chini yake yaliandikwa maneno kwa wino mwekundu: Hujui unachosema. Mwandiko ulikuwa wangu. Maneno sikuyakumbuka. Niliisoma insha ile pale pale nimesimama. Ilimhusu mama yake aamkaye kabla ya alfajiri kukamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani katika matope, naye mtoto akimmulikia njia kwa tochi. Ilikuwa insha bora katika darasa zima.

Jambo lililonichoma si alama zile. Alama zaweza kufutwa. Lililonichoma ni kwamba mtoto yule hakunung'unika. Aliuamini wino wangu kuliko akili yake mwenyewe. Siku mbili nzima alikuwa akitafuta ndani ya kazi njema kosa ambalo halikuwamo, na kama ningemnyamazia, yamkini angejifunza kuandika vibaya ili anipendeze.

Nikajiuliza: nani aliyeandika maneno yale? Nikisema ni kileo, kileo hakina mkono wala kalamu. Nikisema ni mimi, mbona simjui mimi huyo? Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alimfananisha mtu ajuaye wema akashindwa kuutenda na mtu aliyelala, au mwenye wazimu, au mlevi. Elimu anayo, lakini hawezi kuitumia. Mfano huu ulinifaa kabisa. Elimu yote ya chuo ilikuwamo kichwani mwangu usiku ule, lakini ilikuwa kama tochi isiyo na betri. Lakini Aristotle huyo huyo hakumpa mlevi njia ya kukimbilia. Ameeleza juu ya sheria ya kale iliyomtoza mlevi adhabu maradufu kwa kosa alilolitenda akiwa amelewa, maana kutolewa kulikuwa katika uwezo wake. Kwa kipimo hicho nilikuwa na makosa mawili: la wino, na la chupa iliyoutangulia wino.

Nilimwita yule msichana mbele ya wenzake, nikasema kwamba nilisahihisha vibaya, kwamba kosa ni langu wala si lake, nikampa alama 17. Habari ya chupa sikuisema. Naisema leo.

Tangu siku ile niliazimu kupunguza. Niliweka kanuni: siku za kazi nisiguse kileo, na Jumamosi ninywe chupa moja, mezani, mbele ya watu. Nilitazamia kwamba usiku wa kwanza nitalala kama mtoto mchanga. Sikulala. Nilisikia mvua juu ya mabati, nikasikia mbwa wa jirani, nikasikia jogoo wa kwanza na wa pili. Usiku wa pili haukuwa bora. Usiku wa tatu nilisema kwa uchungu: ni wema gani huu unaomwadhibu mtu, hali ubaya ulimbembeleza?

Baadaye nilisoma, nikaelewa. Kileo humfanya mtu asinzie upesi, na hapo ndipo udanganyifu wake ulipo. Mwili hukivunja kileo pole pole saa baada ya saa, na kinapokwisha, kwa kawaida katika nusu ya pili ya usiku, usingizi hukatika vipande vipande. Mtu hugeuka, huamka, hulala, huamka tena, na asubuhi hakumbuki. Misuli ya koo hulegea, akakoroma na kukosa pumzi. Kibofu humwamsha mara kwa mara, kwa sababu kileo huzidisha mkojo. Mwaka 1953, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walitangaza kwamba kuna sehemu ya usingizi ambayo macho huchezacheza upesi chini ya kope, na katika sehemu hiyo mtu huota sana ndoto. Kileo hupunguza sehemu hiyo, hasa mwanzo wa usiku. Ubongo uliozoea kusukumwa usingizini kila jioni husahau kuingia wenyewe. Ukiachiliwa ghafula huyumba kwa siku kadhaa, pengine kwa majuma, hata uzoee tena.

Na lile blanketi la pili? Kileo hupanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi. Joto la ndani hukimbilia nje, mtu akahisi moto kifuani huku mwili wake unapoa. Ni sawa na mtu anayechoma paa la nyumba yake ili aote. Wahenga walisema: kukopa harusi, kulipa matanga. Usingizi wa kileo ni mkopo wa namna hiyo. Jioni huchukuliwa kwa furaha, na usiku wa manane hudaiwa kwa riba.

Hapa hapana budi nitoe onyo moja. Mimi nilikuwa mnywaji wa chupa tatu. Mtu anywaye kileo kingi kila siku kwa muda mrefu asiache ghafula peke yake. Mwili wake waweza kutetemeka, kupatwa na degedege, kuona mambo yasiyokuwapo, hata kufa. Mtu kama huyo aende hospitali, aache kwa msaada wa daktari. Kumcheka ni dhambi, na kumwambia kwamba nia peke yake yatosha ni ujinga.

Lakini mwili haukuwa sababu pekee ya kukesha kwangu. Katika usiku ule wa macho makavu nilikutana na wageni ambao chupa ilikuwa ikiwazuia mlangoni. Mkubwa wao alikuwa ugomvi na kaka yangu juu ya mpaka wa shamba la viazi tulilorithi kwa baba. Tulikuwa hatujasemezana kwa miaka miwili. Kila jioni nilipokunywa, ugomvi ule ulitulia, nami nikadhani umekwisha. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umeketi ukiningoja nilevuke. Hapo nilitambua kwamba kileo hakikuwa kikinilaza, kilikuwa kikinificha. Na dawa ya deni ni kulipa, si kujificha.

Jumapili moja nilipanda kilima hadi kwake. Nilimkuta akipakia magunia.

“Kaka,” nikasema, “nimekuja kwa habari ya ule mpaka.”

Alinitazama kitambo, kisha akafuta mikono yake. “Kwa viazi umechelewa,” akajibu, “lakini kwa chai hujachelewa.”

Mpaka wenyewe ulitatuliwa baadaye na wazee, wala sikupata yote niliyoyataka. Lakini katika juma la tatu baada ya kupunguza kileo, usingizi ulinijia. Ulikuja bila ya kuitwa, kama mvua ya usiku, na niliamka nikiwa na ndoto niliyoikumbuka. Nilikuwa nimesahau kwamba watu huota.

Hapa msomaji mwepesi atasema: basi, mafunzo ni kwamba mwema hulala na mwovu hukesha. La, sivyo. Usingizi si hakimu. Katika nchi yetu hii ya Kuresoi, mwaka 1992, na tena mwishoni mwa mwaka 2007 hata mwanzo wa mwaka 2008, watu walifukuzwa makwao, nyumba zikachomwa. Walilala makanisani na kando ya barabara watoto wasiomkosea mtu, na wengine katika watu wazima hawakurudiwa na usingizi hata baada ya kurudi makwao. Nani atasema kwamba walikesha kwa sababu ya dhamiri mbaya? Mama mwenye mtoto mgonjwa hukesha. Mwenye maumivu hukesha. Na wapo wadhalimu wakoromao hata jua likachomoza. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo S. S. Mushi aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1968 kwa jina la Makbeth, walinzi wa mfalme walitiliwa dawa katika kinywaji, wakalala fofofo, na bwana wao akauawa karibu nao. Usingizi wao ulikuwa mzito, lakini haukumsaidia yule waliyewekwa kumlinda.

Kwa hiyo kipimo cha usingizi mwema si uzito wake. Kipimo chake ni kwamba mlalaji akiitwa, yupo. Miezi michache baada ya kupunguza kileo, saa nane ya usiku, jirani alibisha mlango wangu. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu wa kuzaa, mvua imeharibu njia, naye alihitaji mtu wa pili wa kumshika mama yule mkono hata barabarani, ambako gari lilikuwa likingoja. Nilivaa viatu nikatoka. Sikufanya jambo la ajabu; mtu yeyote aliye macho angelifanya. Tuliporudi alfajiri, jirani alinishukuru, kisha akasema kwa upole, bila ya kunilaumu, “Mwaka jana nilibisha pia, mwalimu. Nilidhani umesafiri.”

Sikuwa nimesafiri. Nilikuwa chumbani, nimelala kwa mkopo.

Hili ndilo jibu la swali nililoliuliza mwanzo. Anywaye peke yake, kwa upole, bila ya kugombana na mtu, amemkosea nani? Amemkosea aliyebisha hodi asisikiwe. Amemkosea mwanafunzi ambaye daftari lake lilisahihishwa na mtu asiyekuwapo. Twadhani usiku ni mali yetu wenyewe kwa sababu hakuna atuonaye, lakini usiku nao una haki za watu ndani yake.

Limebaki swali moja: kupunguza kwatosha, au ni lazima kuacha? Wapo ambao dini yao imekwisha kulijibu, na kwao kileo ni haramu kidogo na kingi; njia yao ni nyofu nami naiheshimu. Kwa wengine nasema hivi. Kiasi ni kiasi pale tu kinaposhikika. Mtu amwambie mwenziwe kiasi chake waziwazi, kisha akitunze kwa mwezi mmoja. Akiweza, ana kiasi. Ikiwa kila Jumamosi mpaka unasogea, leo kwa sababu ya mgeni, kesho kwa sababu ya mvua, basi huyo hana kiasi, ana maneno tu. Naye aache kabisa wala asione haya, maana kuukimbia moto usioweza kuuzima si woga. Mimi nimevunja kanuni yangu mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia kaka yangu. Siku nitakayoivunja nikaficha, ndiyo siku itakayonipasa kuacha kabisa.

Ninyi wanafunzi, hesabu yenu ni nyepesi kuliko yangu. Sheria imewakataza kileo mpaka mtimize miaka 18, na akili zenu zingali zinakua. Kijana wa umri wenu ahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi kila usiku, na ni katika usingizi huo ubongo hupanga na kuhifadhi mliyojifunza mchana. Akija rafiki usiku wa kuamkia mtihani akawaambia kwamba tone kidogo litawatuliza mlale, mjue kwamba anawakopesha, na mtalipa asubuhi mbele ya karatasi. Mkikosa usingizi kwa hofu, semeni hofu yenu kwa mzazi au kwa mwalimu. Mkikosa kwa ugomvi, nendeni mkapatane. Mkikosa kwa huzuni isiyo na jina, msione haya kumwona mganga wa hospitali.

Mimi siku hizi nasahihisha madaftari alfajiri, chai ikiwa kando yangu, kabla jogoo wa pili hajawika. Kila nikishika kalamu nyekundu namkumbuka msichana yule na daftari lake mikononi, nasoma ukurasa mara mbili, ndipo naandika.